Jina la Dorkas Juu ya Karatasi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mashavu yananiwaka moto mpaka leo, na mimi ni kikongwe wa kutembea kwa kushika ukuta. Sikupanga kukusimulia. Lakini jana ulikaa hapa sebuleni kwangu Kahororo, simu mkononi, nikakuona unamaliza kuandika tangazo la watu wa sabuni. Ulipoweka nukta ya mwisho ukabonyeza, likaenda. Nikakuuliza, "Umelisoma?" Ukanijibu, "Bibi, si nimeliandika mwenyewe?" Kisha ukaomba chai. Chai nilikupa, lakini maneno yako yamenikaa kooni tangu jana, kwa sababu niliwahi kuyasema mimi, kwa sauti hiyohiyo ya kujiamini. Kwa hiyo weka hiyo simu chini unisikilize.

Wewe kazi yako unasema ni ya kujitegemea. Huna ofisi, huna bosi, mtu akitaka maneno anakutafuta. Haya, lakini usidhani ninyi vijana wa Dar es Salaam ndio mlioianzisha. Mimi niliifanya hapahapa Bukoba mjini, miaka ile uhuru ukiwa bado mbichi na Azimio la Arusha likisomwa kila mkutano. Nilikuwa na taipureta ya kaka yangu, meza moja, na kipande cha baraza mbele ya duka la fundi cherehani aliyenionea huruma. Mwenye basi akitaka tangazo la safari za Muleba, alikuja kwangu. Mwenye ukumbi akitaka watu waje kucheza dansi, alikuja kwangu. Wenyeviti wa vijiji walikuja kuomba hotuba, kisha wakazisoma mbele za watu kana kwamba zimewatoka kifuani mwao. Nilikuwa nimesoma kwa masista pale Kashozi, Kiswahili changu kilikuwa kimenyooka, na mimi mwenyewe nilijua kwamba kimenyooka. Sisi Wahaya tuna jina la mtu wa namna hiyo, anayetembea na shule yake kifua mbele: tunamwita nshomile. Basi nilikuwa nshomile kweli kweli.

Halafu akaja Dorkas.

Alikuwa binti wa mwinjilisti wa Kilutheri kutoka Kaagya, mwembamba, sauti ndogo, viatu vya raba. Hata taipureta hakuwa nayo. Aliandika kwa mkono, akakaa upande wa pili wa barabara, ng'ambo ya baraza langu kabisa, kana kwamba mji mzima wa Bukoba haukuwa na mahali pengine pa mtu kukaa! Kazi yake ya kwanza ilikuwa tangazo la lile basi la Muleba. Ndiyo, lile lile langu. Mimi nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu ya usafiri na ujenzi wa taifa. Yeye aliandika hivi: "Linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili na dakika moja utaliona kisogo."

Mwanangu, watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Watoto waliyaimba maneno yale njiani wakienda shule. Wanawake waliyasema sokoni: mtu akichelewa kununua ndizi, muuzaji anamwambia, "Umeliona kisogo!" Hata yule fundi cherehani, ambaye nilikaa barazani kwake, siku moja aliyasema huku anakanyaga mashine yake, kisha akaniona, akajifanya anakohoa.

Sitakudanganya kwamba sikuumia. Nilimwonea wivu nikiwa nimekaa, nikiwa nimesimama, nikiwa kanisani. Padri akihubiri juu ya wivu nilidhani anamsema mtu mwingine. Na nikuambie kitu cha ajabu: hakuna mtu aliyesoma kazi za Dorkas kama mimi. Likibandikwa tangazo lake ukutani nilisimama hapo, jua kali, mvua inakuja, nalisoma neno kwa neno, narudia, nalisoma tena, natafuta pa kumshika. Na nilipapata. Hapa karudia neno. Hapa sentensi imekuwa ndefu, msomaji atachoka. Hapa kasema "mapema", mapema ndiyo saa ngapi? Nilirudi barazani moyo umetulia kidogo, nikakaa kwenye taipureta yangu, nikapiga kazi ya mteja wangu, nikaichomoa kwenye mashine, nikampa mkononi ikiwa bado ina joto. Kuisoma tena? Ya nini? Si nimeiandika mwenyewe?

Sasa sikiliza jambo lililokuwa limenifunga shingo wakati ule. Baba yangu alikuwa mkulima wa kahawa Kashozi, mtu wa maneno machache. Alikuja mjini siku moja na baiskeli yake, akasimama mbele ya meza yangu bila kukaa.

"Leokadia," akasema, "msimu huu wa kahawa ukiisha hujapata kazi ya kudumu, taipureta inarudi kwa kaka yako, na wewe unarudi nyumbani kibanjani. Watu wamekuja kukuposa. Nimewaambia wasubiri msimu upite."

"Baba, kazi ninayo."

"Hii ya leo ipo, kesho haipo, siiiti kazi," akasema, akapanda baiskeli yake.

Aliyekuja kuniposa sikumchukia, maskini. Alikuwa mtu mwema mwenye migomba mingi. Lakini mimi nilitaka baraza langu. Nilitaka mtu akisikia maneno mazuri mjini aulize ni ya nani, aambiwe ni ya Leokadia.

Mungu hamtupi mja wake, wiki hiyohiyo nikaitwa na Ta Ponsian. Sisi kwa heshima mwanamume mtu mzima tunamwita Ta, mwanamke Ma. Ta Ponsian alikuwa baba yangu wa ubatizo, zamani karani wa baraza, na wakati huo mwenyekiti wa chama cha ushirika cha upande wetu wa Kashozi. Chama kilikuwa kimejenga duka la ujamaa, watu wenyewe wamebeba mawe, wenyewe wamepiga matofali, na sasa linafunguliwa. Walitaka tangazo la kusomwa makanisani, kwa Wakatoliki na kwa Walutheri, na la kubandikwa kila mahali. Atakayeliandika vizuri ndiye angekuwa mwandishi wa chama, kwa matangazo yote, msimu hata msimu. Nilipolisikia hilo nilitaka kupiga vigelegele. Hiyo ndiyo kazi ya kudumu ya kumwonyesha baba.

Nikafika kwa Ta Ponsian na karatasi yangu. Nani amekaa pale mbele ya nyumba, magoti pamoja, karatasi mapajani? Dorkas! Nilihisi kama nimemwagiwa uji wa moto.

"Nimewaita wote wawili," akasema Ta Ponsian. "Kila mmoja asome ya mwenzake, amwambie ina upungufu gani. Kisha mwende mkazitengeneze. Baada ya Misa ya Jumapili mtazisoma hapa mbele ya kamati."

Ee mwanangu, nilipewa karatasi ya Dorkas kwa ruhusa ya mwenyekiti! Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo. Sikumwonea haya hata kidogo.

"Hapa umeanza mbali," nikamwambia. "Umesalimia serikali nzima kabla ya kufika kwenye chumvi. Mtu anataka kujua kama kuna chumvi na mafuta ya taa. Anza na chumvi. Sentensi hii ya katikati, katekista akiisoma atakata pumzi. Ivunje. Hapa umesema litafunguliwa asubuhi. Asubuhi ya wapi? Sema saa. Na hapa, eti duka liko karibu na barabara. Barabara ipi, mama? Kashozi ina barabara moja? Mtu wa mbali atabeba kikapu chake azunguke mpaka jioni. Mahali tu pa duka, hata hapo umeshindwa kupasema!"

Dorkas alikuwa na kalamu ya risasi, na kila nililosema aliliandika pembeni. Nilipomaliza akasema, "Asante, dada. Sikuyaona hayo."

Ikawa zamu yake na karatasi yangu. Aliisoma polepole, midomo inacheza. Akairudia. Akanitazama, akamtazama Ta Ponsian, akatazama chini.

"Ni nzuri sana," akasema. "Mimi siwezi kuandika hivi. Labda, dada, uipitie tena tu, taratibu."

Unajua nilijiambia nini njiani? Nilijiambia, huyu ana wivu! Kakosa pa kunishika, sasa ananitia wasiwasi niharibu kazi yangu. Uipitie tena! Nikacheka peke yangu. Siku zilizobaki sikuifungua ile karatasi. Niliitia ndani ya kitabu cha sala isipate kunyanzi.

Jumapili ikafika. Watu wa kamati walikaa uani kwa Ta Ponsian, majirani wakaja, hata baba yangu alikuja, akakaa nyuma na kofia yake magotini. Ta Ponsian alikuwa amekamua lubisi, ile pombe yetu ya ndizi. Nawe umekulia mjini, huenda hujaona: kwetu mwenye pombe hampi mgeni kibuyu mpaka yeye mwenyewe amevuta kwanza kwa mrija, mbele ya macho ya wote. Hata akiwa ameitengeneza kwa mikono yake, hata kama anajulikana kwa lubisi nzuri tarafa nzima. Ta Ponsian akavuta, akatulia kidogo, akameza. Ndipo kibuyu kikaanza kuzunguka.

Dorkas akasoma kwanza. Na mimi nikaanza kufa.

Lilianza na chumvi. Likaja kwenye mafuta ya taa na sabuni. Ile sentensi ndefu ilikuwa imekatwa vipande vitatu, kila kimoja kinapumua. Ikaja saa. Ikaja barabara, kwa jina lake, na njia panda, na mti wa kuonyesha pa kukunja. Kila nililomwambia alikuwa amelifanya! Nilikuwa nimekaa pale nasikiliza maneno yangu mwenyewe yakitoka kinywani mwake, watu wanatikisa vichwa, wanasema "Ee, waitu, ee," yaani ndiyo bwana, huyu kasema. Nilitaka kusimama niwaambie, hayo ni yangu! Nimempa mimi! Lakini ungewaambia nini watu? Kwamba umemsaidia bila kupenda?

Zamu yangu. Nikasimama, nikakunjua karatasi, nikaisoma kwa sauti ya masista. Nilianza na jua la uhuru. Nikaja kwenye jasho la wazee wetu waliobeba mawe, wazee wakafurahi. Nikaja kwenye umoja, kwenye kujitegemea, kwenye mkulima ambaye sasa atanunua dukani kwake mwenyewe. Nilimaliza, kimya kikatanda, nikajua ni kimya cha kushangaa uzuri.

Ma Anjelina, bibi mmoja aliyekaa karibu na mlango, akatoa mrija mdomoni.

"Waitu, binti wangu, maneno yako ni matamu. Sasa hilo duka liko wapi?"

Nikafungua mdomo kumjibu kwamba nimesema. Nikatazama karatasi. Nikaitazama juu, nikaitazama chini, nikaigeuza nyuma.

"Na linafunguliwa siku gani?" akauliza mwingine.

Havikuwemo, mwanangu. Mahali hapakuwemo. Siku haikuwemo. Mimi nilijua duka lilipo, nililipita kila nikienda nyumbani, kwa hiyo kila nilipoitazama karatasi ile macho yangu yalisoma kilichokuwa kichwani, wala si kilichokuwa pale. Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini walicheka, na baba yangu akavaa kofia yake.

Ta Ponsian hakucheka. Alisubiri wanyamaze, akaniambia kwa upole, na upole wake ulinichoma kuliko kicheko:

"Binti yangu Leokadia, Jumatatu nilikuona unaionja ya mwenzako. Ulionja vizuri sana, kila kilichoharibika ukakitema. Na yako ukawaletea watu bila kuitia mdomoni. Lile jicho unalomtazamia Dorkas, ukifika kwako huwa unaliacha wapi?"

Kazi akapewa Dorkas.

Njiani baba alisukuma baiskeli, mimi nyuma yake, hadi tulipofika penye migomba yetu ndipo nikamwomba aniache mpaka msimu huo umalizike kama alivyoahidi. Akaitika kwa kichwa. Nikarudi mjini, nikakaa mbele ya taipureta, na ng'ambo ya barabara Dorkas ana wateja wamejipanga. Nilikuwa na kazi moja tu, tangazo la fundi wa baiskeli. Nikaliandika. Nikalitazama, nikaliona safi, halina kosa. Nikasikia tena sauti ya Ta Ponsian ikiniuliza lile jicho naliacha wapi.

Basi nikafanya jambo la kitoto. Nikairudisha karatasi kwenye mashine, na pale juu kabisa nikapiga kwa herufi kubwa: DORKAS. Nikaichomoa, nikaiweka mezani, nikaenda kununua karanga. Niliporudi nikaiona pale, ina jina lake, na damu ikachemka kama kawaida. Nikaichukua kwa hasira. Aa! Huyu naye, kaanzia wapi? Mbona fundi anatajwa mwishoni? Maneno haya mawili si ni jambo lile lile moja? Na baiskeli zinaletwa saa ngapi, mbona hasemi? Nikaichora mistari kwa kalamu nyekundu mpaka ikajaa. Nilipomaliza nikacheka, nikalia kidogo pia. Kisha nikaiandika upya, na fundi yule akaleta mwenzake, naye akaleta mwenzake. Kabla msimu haujaisha mwenye basi alinirudia, akanipa safari zake zote za mwaka. Baba alikuja, akasimama mbele ya meza, safari hii akakaa. Aliyeniposa alimwoa binamu yangu, wakazaa watoto wazuri.

Usidhani wivu uliniisha. Ulikuwa ndio kalamu yangu nyekundu, ningeutupaje? Dorkas aliolewa Muleba, akaendelea kuandikia vyama vya huko, na kila tangazo lake lililonifikia nililisoma mara nyingi kuliko barua za wadogo zangu. Akiandika vizuri, silali vizuri. Na kila nilichoandika maisha yangu yote, hotuba, tangazo, hata kadi ya harusi ya mama yako, kilipita kwanza mezani kikiwa na jina lake.

Mwaka ule Dorkas alipofariki, binti yake alikuja hapa Kahororo. Alikaa palepale ulipokaa wewe jana. Akaniambia mama yake ameacha neno kwamba wasifu wake wa kusomwa kanisani niuandike mimi. Nikashangaa, nikamwuliza kwa nini mimi, wakati tulikuwa hata hatutembeleani.

"Alisema wengine watampamba," yule binti akajibu. "Alisema wewe utamsahihisha."

Alipoondoka nikakaa kwenye mashine. Mkono ukaenda wenyewe, kama siku zote, nikapiga pale juu: DORKAS. Nikalitazama jina lile muda mrefu. Kwa mara ya kwanza halikuwa la kujidanganya. Nikaandika, kisha nikausoma wasifu ule kwa jicho lilelile la wivu, nikafuta kila sifa ambayo hakuwa nayo. Alizokuwa nazo kweli, mwanangu, zilijaa ukurasa. Niliona wivu hata pale, na machozi yananidondokea karatasini.

Basi nasaha yangu ndiyo hii, na usiipokee kwa masikio tu. Ukimaliza kuandika, usitume. Ondoka, kunywa chai, rudi. Kisha isome kwa sauti kana kwamba mtu yule unayemwonea wivu ndiye ameiandika, na usijifanye huna mtu huyo, kila mmoja wetu anaye. Mtafutie makosa kama ulivyokuwa ukimtafutia. Umwulize maswali ya Ma Anjelina na wenzake: wapi, lini, nani, saa ngapi. Uikate pale anapojionyesha. Ukiona hujampata na kosa hata moja, ndiyo kwanza ujue hujasoma, ulikuwa unajipenda. Anza tena. Na mtu akikuambia kazi yako ni nzuri ila uipitie taratibu, usicheke njiani kama mimi. Mshukuru, maana huenda ameona duka halipo.

Mungu akupe macho ya kujiona, mwanangu, na akupe mkono usio mwepesi wa kutuma. Kazi yako ipite kinywani mwako kwanza kabla ya kufika kwa watu, wala wasikute humo kitu cha kutema. Na huyo unayemwonea wivu, Mungu amweke hai miaka mingi, akuandikie vizuri kila siku, akukoseshe raha.

Haya, sasa nipe hiyo simu. Nisomee lile tangazo la sabuni, uniambie hao watu duka lao liko wapi.